Fuawe ya Marehemu Jirani

Juzi nilikwenda Msambweni harusini, nikamkuta mtoto wa mdogo wangu kajaza uani vyuma chakavu: jiriwa lenye kutu, nyundo isiyo na mpini, koleo mbili zilizopinda. Kavinunua kwa bei ya bure kwa wauza vyuma vikuukuu wa Ukunda. Kazi anayo, hotelini Diani, lakini anasema siku za mapumziko atafua chuma, kujifurahisha tu. Badala ya kumpongeza, mie moyo ukanipiga pa! Nikamuuliza, "Aliyekuuzia, vilikuwa vyake?" Akacheka. "Shangazi nawe! Si vyuma tu?"

Haya, vyuma tu. Kaa basi nikusimulie, mwenzangu, kwa nini mtu mzima kama mimi bado naogopa chuma cha watu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule, na miaka ile ya mwanzo wa Uhuru alipatwa na wazimu wa uhunzi. Jumatatu hadi Ijumaa alivaa suruali iliyonyooshwa pasi akafundisha hesabu. Ikifika Jumamosi huvua viatu, hujifunga shuka kuukuu na kuingia kwenye kibanda cha makuti alichokijenga nyuma ya jiko. Hakuzaliwa na wahunzi wala hakuhitaji kula kwa nyundo. Alikuwa anapenda tu, kama wengine wanavyopenda bao. Majirani wakipita wanamtania, "Mwalimu, mchezea tope humrukia!" Naye hucheka nao, uso mweusi kwa masizi.

Vifaa alivikusanya kimoja kimoja. Wazungu wa mashamba walikuwa wakifunga virago na kuuza kila walichoshindwa kukibeba, na baba hakukosa mnada hata mmoja. Nyundo aliipata kwa msimamizi wa shamba la miwa, pamoja na feni ya kuzungusha kwa mkono ya kupulizia moto, iliyokuwa ikilia mpaka kuku wanakimbia. Makaa tulichoma wenyewe kwa vifuu vya nazi, na nguo zetu zote zilinuka moshi ule, hata za Idi. Alichokikosa ni fuawe, lile pande zito la chuma la kufulia juu yake. Alikuwa akipigia juu ya kipande cha reli ya kitoroli, nacho kinarukaruka, siku moja nusura kimvunje kidole cha mguu.

Fuawe ya kweli ilikuwa ng'ambo ya shamba letu la mihogo, kwa mhunzi mzee. Mhunzi huyo akafariki. Mkewe akakaa eda, amejifunga nguo nyeupe, hatoki nje wala haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Sasa sikiliza. Kwetu Udigoni, kwa ada ya zamani, mali ya mtu humwendea mpwa wake, mtoto wa dada. Dini nayo inampa mjane fungu lake. Baba aliyajua yote mawili, maana alisoma chuo cha Kurani kabla ya shule. Lakini mpwa wa marehemu alipokuja kumwambia fuawe inauzwa, na kwa bei ya kutupa, hamu ilimziba macho. Akaona mjane yumo ndani, haonekani, haulizwi. Fuawe ikaletwa kwa mkokoteni.

Bibi yangu, mzaa mama, aliyekuwa akiishi nasi, alisimama mlangoni akaitazama ikishushwa. "Mwenye eda amekubali?" Yule mpwa akatema mate pembeni na kusema, "Bibi wee, dua la kuku halimpati mwewe."

Neno lile halikunitoka. Mama alikuwa mjamzito wa mwezi wake, na mimba mbili kabla ya hiyo zilikwisha haribika. Nilikuwa nimeona vile vitambaa vya damu, na nilikuwa nimesikia mama akilia kwa ndani ndani ili nisisikie. Na Bibi hakunisaidia, Mungu amrehemu, kwa kuwa alizunguka nyumba nzima akisema, "Haki ya mjane inakula. Inaanza na kichanga."

Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, jua halijawa kali, baba akaanza. Ngii! Ngii! Sauti safi kama kengele. Baba anacheka peke yake kwa furaha, nami nimekaa jikoni nimeziba masikio, kila pigo nahisi linampiga mama. Hakufika mbali. Jirani aliyekuwa akimpelekea mwenye eda uji alitujia mbio. "Jamani, mwacheni mama wa watu! Kasikia fuawe ya mumewe, kalia hata uji umemshinda."

Baba akaiweka nyundo chini. Sijapata kumwona mtu akinywea namna ile. Alitaka kwenda mwenyewe kuomba radhi, lakini ataingiaje kwa mwanamke aliye edani? Na mama, tangu alfajiri, alikuwa ameshika kiuno bila kumwambia mtu. Sasa akasema. Uchungu ulikuwa umeanza.

Mkunga akaitwa. Bibi akatia mchele na nazi kwenye kikapu, akanishika mkono, "Twende. Mtoto huyu hazaliwi juu ya chozi la mtu." Njia yote nilikuwa namwomba Mungu asisikie lile la kuku na mwewe.

Mjane alitupokea vizuri mno, na hilo likanitisha zaidi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba polepole. Akauliza hali ya mama, ya mihogo, ya shule. Akatulazimisha tunywe maji. Mie nataka kupiga mayowe! Mwisho Bibi akatoa lililomleta, akamwambia fuawe itarudi leo leo, na kwamba mkwewe anaomba radhi.

Mjane akacheka kidogo. "Nirudishiwe nikaipikie? Ibakini nayo. Fungu langu mwalimu anilipe kwa kazi. Mbuzi yangu ya kukunia nazi imekwisha meno, anifulie chuma chake." Kisha akashika pindo la nguo yake. "Lakini asipige alfajiri. Alfajiri ndiyo saa yake marehemu. Nikisikia, nasahau, nainuka kumwekea chai."

Bibi alilia. Mimi sikungoja, nilichomoka mbio kupitia mihogo, naanguka nainuka, nikipiga kelele, "Yuko radhi! Yuko radhi!" Baba alikuwa amechutama nje ya dirisha la mama. Ndani mtoto alikwisha anza kulia, sauti nzito ya mtoto mzima mwenye afya. Ndiye huyo mdogo wangu.

Baba aliharibu vyuma vinne kabla ya kuipatia ile mbuzi. Eda ilipokwisha, mjane alihamia kwa kaka zake Kikoneni, akaondoka nayo kichwani ndani ya mzigo wake.

Siku hizi pale kwa mhunzi pana ukuta wa mawe na jenereta inayonguruma mchana kutwa. Nani atamuuliza jirani iwapo inamkera? Hata jina la mwenye jenereta hatulijui. Vitu vinauzwa, vinanunuliwa, na aliyekuwa navyo hatajwi kabisa. Pengine ndiyo wepesi wa maisha, mie sijui, mie ni mwoga tu.

Baba aliendelea na uhunzi wake miaka mingi. Joto la alasiri lilimtesa, tena uzeeni macho yake hayakustahimili jua la magharibi. Tukamwambia, "Baba, si upige asubuhi na mapema kukiwa na ubaridi? Yule mama alikwisha hama zamani. Hakuna wa kushtuka."

"Najua," akasema. Na akangoja alasiri.