Zamu Isiyofungwa

Karani wa mafao ya polisi na zimamoto husoma faili kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayechambua mchele. Penseli hukaa sikioni, na kalamu ya wino haiguswi mpaka aridhike. Kwenye foleni wamempa jina la Mama Rudi Kesho; analijua, wala halimkoseshi usingizi. Mjane wa zimamoto alikuwa ameshamrudia mara nne, na jibu halikubadilika: zamu iliisha saa sita mchana, mumewe alianguka saa sita na nusu, basi hakufia kazini, na pensheni ya mjane haipo.

Safari ya tano alileta daftari la zamu la kituo, kama karani alivyomwagiza. "Samahani, dada," alisema kwa aibu, "hakusaini kutoka. Alikuwa msahaulifu, hata bosi wake alikuwa akimgombeza." Kidole cha karani kikasimama. "Alipoanguka alikuwa anafanya nini?" "Anaosha mipira ya maji, uani hapo hapo kituoni." Karani akavua miwani. "Kanuni inasema zamu hufungwa kwa sahihi, si kwa saa. Kwa daftari lao wenyewe, bwana huyu alikuwa kazini." Mjane akacheka huku machozi yakimtoka. "Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo, dada. Mlango kila usiku nilifunga mimi." Karani akafungua droo, akaitoa kalamu ya wino, akaandika *alifia kazini*, akagonga muhuri.

"Kesho usirudi," akasema. "Pita benki mwisho wa mwezi."