August Pfeil na Timu Mbili za Bwana Mmoja

Msimu wa 1899 ulipokaribia, Bwana Tredwell, mwenye timu ya besiboli ya mji wetu wa ziwani huko Ohio, alinunua na timu ya mji wa pili. Akawachukua nyota wetu wote, akawahamishia kule. August Pfeil, mdakaji wa miaka thelathini na tano mwenye vidole vilivyopinda kama tangawizi, akaachwa na masalia. Kufikia Julai walikuwa wamefungwa mechi ishirini na nne mfululizo.

Siku waliyocheza na wenzao hao waliohama, mdakaji wa wageni alivunjika kidole gumba, na wa akiba alikuwa hotelini, anaharisha. Bwana Tredwell akateremka jukwaani na sigara yake.

"Pfeil, vua hiyo jezi. Vaa ya kijivu."

"Ya wale, bwana?"

"Wale wangu, nanyi wangu. Tatizo liko wapi?"

August alilisikia tatizo kifuani, ila jina lake hakulipata. Akavaa. Ilimbana makwapani.

"We Gus!" mtu akamwita August kwa jina la mkato kutoka jukwaani. "Umehamia kwa jirani, mkeo umemwachia nani?"

Watu wakaangua kicheko. Mkewe, Mathilde, aliinua mikono apige makofi, akaishusha, akaiinua tena.

Zamu ya mwisho, wenyeji wakiwa nyuma kwa pointi moja, aliingia na gongo Emmet Lonergan, mrushaji wao, aliyelala chumba kimoja na August safari zote kwa miaka sita.

"Gus," alimnong'oneza August aliyechuchumaa nyuma yake kudaka, bila kugeuka, "ananirushia nini?"

"Sijui."

Alikuwa anajua. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshampa mrushaji wa wageni ishara ya mpira wa kurusha.

Emmet akaupiga mpira hata hivyo, akakimbia mpaka kituo cha tatu; kikabaki kimoja tu, cha nyumbani, pale alipokuwa August. Aliyemfuata akaupiga mbali, Emmet akaja nyumbani mbio kama ng'ombe aliyekata kamba. Mpira ukarudi. Kabla August hajaamua lolote, mikono yake iliudaka na kumgusa nao rafiki yake begani.

"Ametoka!" akapiga kelele mwamuzi, kwamba ameguswa kabla ya kufika; mchezo ukaishia hapo.

Wenye kijivu walimbeba juu juu. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza tangu Mei, naye alikuwa akimtafuta Emmet kwa macho. Aliposhushwa alimkuta bado amekaa vumbini.

"Uliniwahi kweli, Gus, au nilikuwa nimeshafika?"

"Sijui, Emmet."

"Sasa usipojua wewe, nani ajue?"

Asubuhi yake August alikwenda stesheni na begi lake. Timu zote mbili zilikuwa zinasafiri.

"Sisi tulikuazima tu, ndugu yangu," alisema meneja wa wageni.

"Nimeambiwa wewe ni wa kule," alisema meneja wake. "Nafasi yako nimeshampa mtu."

Treni moja ikaenda magharibi, nyingine mashariki. August akarudi nyumbani kwa miguu.

"Umefukuzwa?" akauliza Mathilde.

"Hapana."

"Umepewa likizo?"

"Hapana."

"Basi uko wapi, mume wangu?"

Wiki mbili alingoja barua, haikuja. Akaenda kwa shemeji yake kuunda mapipa, na kazi hiyo ikamkalia vizuri, isipokuwa alasiri za kiangazi, alipokuwa akisimama ghafla na nyundo mkononi, asikumbuke alichotaka kupigilia.

Majira ya baridi Emmet alikuja kula soseji kwao. Walizungumzia barafu ya ziwani, bei ya makaa, meno ya Emmet. Mara mbili August alifungua kinywa kuuliza jambo, na mara mbili akaishia kumwongezea kabichi.