Kamera ya Kumpiga Mwaitu

Mwaka wa 1974 hakuna mtu katika soko la Mutomo aliyemdhania Kalondu kuwa mtu wa kununua kamera. Alikuwa fundi wa cherehani, anashona sare za shule na magauni ya kanisani. Lakini mama yake mzazi, Kasyoka, ambaye watoto wote walimwita Mwaitu, yaani Mama kwa Kikamba, alikuwa amezeeka bila kupigwa picha hata moja. Kila mpiga picha aliyeletwa nyumbani alirudishwa kwa upole. Mwaitu alisema hawezi kukaa atazamwe na mwanamume asiyemjua, tena aliyefumba jicho moja. Akipigwa, apigwe na binti yake.

Basi Kalondu akaanza kuulizia, na hapo ndipo mambo yalipomchanganya. Kaka yake Musembi, aliyefanya kazi Mombasa, alimwandikia kwamba asinunue kamera isiyo na taa. Mchungaji naye alimshauri atafute ile ndogo ya kuingia mfukoni, ambayo filamu yake huja ndani ya kikasha na haina usumbufu. Mwalimu mmoja akamwambia wote wawili hawajui kitu.

Siku moja alifika mjini Kitui asubuhi, akaingia dukani kwa Gachanja, mzee mpole aliyeuza redio, saa na kamera. Gachanja akampangia kamera tatu juu ya meza ya kioo. Moja ilitoa picha papo hapo, lakini bei yake ilimfanya Kalondu aiweke chini kama aliyeshika chungu cha moto. Ya pili ndiyo ile ya mchungaji. Ya tatu ilikuwa nzito kidogo, na kwenye lenzi zilichorwa alama za umbali: kichwa cha mtu kwa karibu, kisha watu wawili, kisha mlima kwa mbali.

Gachanja alieleza habari za mwanga, za namba na za umbali. Kalondu aliitikia kila neno, na kila neno likamwacha nyuma zaidi. Akatoka, akaenda hotelini kunywa chai. Akarudi, akazishika tena zote, akatoka tena. Aliporudi mara ya tatu alikuwa na swali moja tu.

"Kama ungekuwa unanunua ya kumpiga mama yako, ungechukua gani?"

Gachanja akamjibu kwa swali. "Mama, kwenu filamu inauzwa wapi?"

Kalondu akakumbuka kwamba duka la dawa la Mutomo lilikuwa na vikopo vya filamu kando ya sabuni. Gachanja akamfungulia kimoja cha aina hiyo aone, na filamu yake ikaingia kwenye ile kamera ya tatu tu.

"Basi chukua hii ya mlima," akasema. "Zile zingine utakuwa unanifuata huku kila mara kwa ajili ya filamu."

Aliinunua, akarudi nayo mapajani kama mtoto mchanga.

Jumapili baada ya ibada Mwaitu alioga, akavaa gauni la buluu, akaketi kwenye kigoda mbele ya nyumba. Kalondu alizitazama zile alama akakwama. Mwaitu alikuwa mtu mmoja, kwa hiyo pengine ni kichwa. Lakini nyuma yake kilima kilionekana, na yeye alitaka kila kitu kitokee. Akaweka mlima.

"Unaniona?" Mwaitu akauliza.

"Mimi nakuona. Sijui kama hii inakuona."

Alipiga hadi filamu ikakaribia kuisha. Kabla ya picha ya mwisho alisimama kupangusa vumbi kwenye lenzi kwa ncha ya leso, akapiga bila kuangalia kidole kimesogeza nini.

Filamu ilipelekwa Kitui kuoshwa, na baada ya wiki tatu bahasha ikaja. Karibu picha zote zilikuwa na kilima safi kabisa, na mbele yake kivuli cha buluu kama moshi. Kalondu alizipitia moja moja. Mwishoni akakuta moja tofauti. Mwaitu alikuwa wazi, mikunjo yote ya uso imetoka, anatazama mbuzi pembeni na kucheka. Kwa nini hiyo moja tu, hakuelewa.

Alimpelekea Mwaitu jioni hiyo. Bibi kizee aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Mmempata wapi?"

Nyumba ile ilikuwa na kioo kimoja kidogo, na Mwaitu alikuwa ameacha kukitumia tangu macho yaanze kupungua nguvu. Kalondu akamwonyesha gauni pichani, kisha kigoda. Mwaitu alishika shavu lake mwenyewe polepole, kisha akaligusa lile la pichani.

Musembi alipokuja likizo alitaka picha ile iwekwe fremu, itundikwe ukutani. Mwaitu alikataa. Aliiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, na siku nyingine Kalondu alimkuta ameitoa, anaisalimu kwa sauti ya chini. Alikuwa anamsalimu nani, Kalondu hakumwuliza.