Walipoishia Wasomaji wa Mwalimu Ramani

Kitabu kilichosomwa hadi mwisho hujulikana hata kikiwa kimefungwa. Kishike ubavuni, tazama kingo za kurasa: zimeingia weusi hafifu wa vidole, sawasawa, kutoka jalada la mbele hadi la nyuma. Kitabu kilichowashinda watu kina mstari. Upande mmoja kingo zimeshika vumbi na jasho, upande wa pili ni nyeupe kama siku kilipotoka kiwandani. Penye mstari ndipo wasomaji walipokata tamaa.

Elimu hii haifundishwi chuoni. Chuo nimesoma, na sikuipata huko. Nilifundishwa na mwanamke anayetengeneza vitabu vilivyochanika katika maktaba ya mji wetu. Watu wote humwita Mama Gundi, naye huitika bila kinyongo. Chumba chake kiko nyuma ya maktaba: meza moja ndefu, mashine ya mkono ya kukata karatasi, sufuria ya gundi, na dirisha linalotazama ukuta. Kwa miaka ishirini na miwili vitabu vya mji mzima vimepita mikononi mwake vikiwa vimevunjika migongo, naye amejua siri ambayo waandishi wenyewe hawaijui, yaani mahali walipoachwa.

"Hiki," atakwambia, akigonga jalada lenye bastola na mwanamke anayekimbia, "kimeahidi mauaji matatu. Mpaka ukurasa wa sitini hajafa hata kuku. Watu wakarudi zao makwao." Au atainua kitabu kingine: "Na huyu bwana anayefundisha kuamka mapema, wasomaji wake wote wamelala ukurasa wa kumi na nne."

Mkutubi mkuu, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake, humtegemea sana. Kila mwaka, kabla ya kuondoa vitabu rafuni ili vipya vipate nafasi, humletea vile vyenye mashaka, na neno la Mama Gundi ndilo huamua. Hajawahi kumpendelea mtu. Aliwahi kukiondoa hata kitabu alichokipenda mwenyewe, kwa kuwa kingo zilionyesha kwamba aliyekimaliza ni yeye peke yake. Jambo hilo alijivunia kuliko inavyompasa mtu kujivunia, lakini kwa kuwa lilikuwa la kweli, tulimvumilia.

Kisha mtihani ukamjia kutoka nyumbani kwake mwenyewe.

Kaka mkubwa wa mumewe ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na vizazi vitatu vya wanafunzi vimemwita Mwalimu Ramani. Ana ulimi wa asali. Kwa kinyozi watu humaliza kunyolewa wasiondoke, wanamsikiliza akisimulia habari za mkaguzi wa elimu aliyekagua shule isiyo yake tangu asubuhi hadi adhuhuri, na za fahali aliyeingia darasani katikati ya mtihani. Aliposema anaandika kitabu cha maisha yake, mji ukasubiri miaka sita. Kilipotoka, maktaba ilipewa nakala kumi, na zote zikaazimwa siku moja. Zilianza kurudi wiki hiyo hiyo, na waliozirudisha walikuwa wapole kupita kiasi. "Ni kizuri," walisema. "Kina takwimu."

Mama Gundi alizipanga nakala zote kumi mezani, akazitazama kingo kama mtu anayesoma barua ya msiba. Mstari ulikuwa ukurasa wa ishirini na saba, isipokuwa nakala moja ambayo haikufika hata hapo. Katika ukurasa huo ndipo ilipoanza orodha ya wajumbe wa kamati ya ujenzi wa shule, arobaini na watatu kwa jumla, kila mmoja na wadhifa wake, ikifuatiwa na sura nzima ya mvua na udongo. Mkaguzi hakuwemo. Fahali hakuwemo. Mwalimu aliamini kitabu ni mahali pa heshima, na vichekesho mahali pake ni kwa kinyozi.

Jumanne moja akaingia chumbani kwa Mama Gundi bila kubisha hodi.

"Shemeji, hujambo wewe na gundi yako?"

"Sijambo. Karibu kiti, ila si hicho, nimekipaka sasa hivi."

"Unataka ninase hapa nisirudi kwa mke wangu."

"Mke wako ataniletea zawadi."

Akacheka, akabaki amesimama. "Nasikia unasoma vidole vya watu kama mpelelezi. Nisomee na vya wasomaji wangu. Wamefika wapi?"

Mama Gundi akamwambia nakala hazijarudi zote, aje Ijumaa. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na uongo haupendi kukaa peke yake.

Alhamisi mchana alifunga mlango kwa komeo. Akachukua nakala mbili, akachovya vidole katika vumbi la chini ya mashine lililochanganyika na mafuta, akaanza kupekua kutoka ukurasa wa ishirini na saba hadi wa mwisho, ambao ni wa mia mbili na kumi na nne. Kisha akarudia, na kurudia tena, maana uchafu wa msomaji mmoja hautoshi. Kazi ilikuwa safi kwa namna yake. Mama huyu hata akiamua kughushi hawezi kufanya ovyo. Katikati ya shughuli hiyo mkutubi mkuu aligonga, akamuuliza kupitia mlangoni habari za uzi wa kushonea vitabu uliokaribia kwisha. Mama Gundi akajibu huku amekishikilia kitabu wazi, gumba limekandamiza sura ya mvua na udongo. Na mazungumzo ya uzi yakawa marefu. Aliporudia na nakala ya pili alikandamiza pale pale, kwa kuwa mkono ulishazoea.

Sitamtetea. Huruma ni jambo jema, lakini huruma inayohitaji komeo si huruma tena.

Ijumaa Mwalimu alikuja na lenzi yake ya kusomea ramani. Akazigeuza nakala zile mbili polepole, na uso wake ukawa unafunguka kidogo kidogo, mpaka mtu angeona haya kumtazama. Kisha akasita.

"Shemeji, tazama hapa. Hapa ndipo palipochafuka kuliko pote." Akafungua. "Mvua na udongo. Mke wangu alinishauri niiondoe sura hii. Leo nitamwonyesha."

"Labda msomaji alikuwa anakula karanga," Mama Gundi akasema.

"Karanga gani hizo za nakala mbili?"

Akatoa mkobani daftari gumu jeusi, akaliweka mezani.

"Juzuu ya pili imenisumbua," akasema. "Nilikuwa nimeanza kuandika yale ya kwa kinyozi. Mkaguzi, fahali, na mengine. Nikajiambia, labda ndiyo watu wanayoyataka. Kumbe watu ni wazito kuliko nilivyowadhania. Wanataka udongo." Akalisukuma daftari mpaka chini ya kisu cha mashine. "Likate. Upate vipande vya kujaribia gundi."

"Nakala nyingine unayo?"

"Ya nini? Sitaki kishawishi nyumbani. Kata nikiona."

Mama Gundi akaweka mkono kwenye mpini wa mashine. Ni chuma kizito, akikivuta hakirudi nusu njia. Jalada la daftari lilikuwa limefunuka kidogo, na kurasa alizoziona zilijaa mwandiko wa haraka, wenye kukatwakatwa, wa mtu anayecheka huku anaandika. Kitabu kilichowachosha watu kumi alikuwa amekitia chumvi kwa vidole vyake, na sasa kile ambacho huenda wangekimaliza kilikuwa kinangoja kisu chake.

"Sikati," akasema.

"Kisu kimekuwa butu?"

"Kisu ni kizima. Shemeji, uchafu huo ni wangu."

"Wako vipi?"

"Nimeupaka mimi. Jana. Vumbi na mafuta ya mashine. Pale kwenye udongo nilikuwa naongea habari za uzi."

Mwalimu akaitazama lenzi yake kana kwamba ndiyo iliyomdanganya. "Na zile nane?"

Mama Gundi akazitoa kabatini. Mwalimu akazikagua moja moja, kama anayesahihisha mitihani ya darasa lililofeli. "Ishirini na saba. Ishirini na saba. Hii ni ishirini na moja."

"Huyo ni mdogo wako," Mama Gundi akasema. "Macho yanamsumbua."

"Macho hayo yanatazama mpira saa mbili." Akaiweka chini. "Watu wote hawa walikuja nyumbani kunipa mkono."

"Walikupa mkono kwa kuwa wanakupenda."

"Na wewe?"

"Mimi nilitoa yote miwili. Ndiyo maana imechafuka hivi."

Hakucheka. Alikifungua kitabu ukurasa wa ishirini na saba, akaanza kusoma kwa sauti, kwa ukaidi: mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina, mjumbe, mjumbe. Alipofika wa tisa, jicho likamteleza hadi wa kumi na tano.

"Umeruka watano," Mama Gundi akasema.

"Nimeruka watano." Akarudi nyuma kwa kidole. "Na mmoja wao ndiye aliyetujengea choo cha walimu akasahau mlango. Mwaka mzima tulikuwa tunaimba ndani ili mwenzio ajue kuna mtu. Mwalimu mkuu alikuwa na wimbo mmoja tu, na aliujua nusu."

"Mbona hukuandika?"

"Kwenye kitabu, shemeji? Mbele ya watu?"

Mama Gundi alichukua zile nakala mbili, akazifunga kwa uzi, akaandika karatasi ya kumpelekea mkutubi mkuu kwamba zisihesabiwe, zimechafuliwa na yeye kwa makusudi.

"Utajiaibisha bure," Mwalimu akasema.

"Aibu nimeitafuta mwenyewe. Nimwachie nani?"

"Hautoki huo uchafu?"

"Hautoki."

"Basi angalau kuna mtu mmoja aliyefika ukurasa wa mwisho."

"Nilifika kwa vidole. Macho yalibaki kule kwa wajumbe."

Hapo Mwalimu akalichomoa daftari chini ya kisu. Mama Gundi alidhani analitia mkobani ajiondokee, na kwa haki, nani angemlaumu. Lakini alilifungua ukurasa wa kwanza, akaliweka mbele yake juu ya meza.

"Soma," akasema. "Kwa macho, hapa hapa. Ukichoka, liweke chini. Na usinionee huruma, nimeshaiona huruma yako."

Mama Gundi alisoma akiwa amesimama, brashi bado mkononi. Alipoinua kichwa gundi ilikuwa imekauka kwenye brashi, na shemeji yake alikuwa ameinama na lenzi, akitazama si uso wa Mama Gundi bali kidole gumba chake, ajue amefika ukurasa wa ngapi.