Wakili Niliyemchagua kwa Ngeli

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ugonjwa wa walimu wa Kiswahili mnaujua. Mtu akisema "ile kitu" mbele yangu, nywele zinanisimama. Nafundisha shule ya msingi huku Mbotela, ambako watoto huingia darasani na Sheng yao ya asubuhi na kutoka na Sheng yao ya jioni, na hapo katikati mimi hupiga kelele nikalipwa mshahara. Mke wangu, ambaye anauza nafaka sokoni Kayole, husema siku nikifika mlangoni mwa mbinguni malaika akiniambia "ingia", nitamsahihisha kwanza. Nautaja ugonjwa huu mapema kwa sababu nusura unifanye nimwache mama yangu ghorofa ya nne maisha yake yote.

Mama alikuja kukaa nasi Kayole magoti yake yalipoanza kumgomea. Siku ile tulimpandisha ngazi, mke wangu mbele, mimi nyuma, kama watu wanaohamisha kabati. Baada ya hapo hakushuka tena isipokuwa kwenda hospitali. Na huyu si mtu wa kukaa ndani. Kule kwetu magharibi aliuza ndizi kando ya njia tangu nikiwa mdogo, na hakuna aliyepita ambaye Mama hakumjua jina, mtoto wake na kesi yake. Sasa alikuwa anakaa kwenye kibaraza tunakoanika nguo, akitazama mapaa ya mabati na vichwa vya watu wasiomtazama. Hakulalamika hata siku moja. Alianza tu kupotewa na siku. Aliuliza kama leo ni Jumapili, na ilikuwa Jumanne. Sahani yake ikawa inarudi jikoni nusu.

"Mwalimu," mke wangu akaniambia, na akiniita Mwalimu nyumbani najua nina makosa, "tusipomshusha huyu mama, atatufia hapa juu."

Niliogopa. Sina neno jingine la kuipamba hofu ile.

Tukaanza kutafuta nyumba ya chini, na kwa bahati tukapata moja Kayole hiyohiyo, karibu na soko. Vyumba viwili, ukuta wa mawe, na mbele yake uwanja mpana uliozungushiwa ua wa mabati. Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaafu wa kiwandani aliyetaka kurudi kwao. Uwanja ule ulinimaliza. Kabla hajafungua hata mlango, kichwani mwangu nilikuwa nimeshaweka kiti cha Mama, nimepanda sukumawiki mistari mitatu, na nimenunua kuku. Sako yetu ilikubali kunipa mkopo. Kilichobaki kilikuwa wakili.

Sasa, huku kwetu wakili hutafutwa kama fundi wa bomba. Unauliza tu, "Hebu, una wakili mzuri?" Niliuliza afisi ya walimu, kila mmoja akawa na wake. Mmoja alisifu wakili aliyemtoa shemeji yake rumande. Mwingine alikuwa na wa mambo ya talaka, akasema ni mkali, anatafuna watu. Wa tatu akaniambia kuna mmoja bingwa wa fidia za ajali, kana kwamba nyumba yenyewe itanigonga barabarani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kununua nyumba. Nilikuwa nauliza njia kwa watu ambao hawajawahi kwenda.

Mke wangu ndiye aliyekuja na jina la maana. Wanawake wa sokoni walikuwa na wakili wao, mwanadada mmoja mwenye afisi hapo Kayole juu ya duka la mitungi ya gesi, na kazi yake ilikuwa hiyo hasa, ploti na nyumba. Tukaenda. Nikavaa koti.

"Niaje, Mwalimu! Niaje, mathe! Karibuni, kaeni," akatupokea. Alikuwa kijana, kucha zimepakwa rangi, na mezani kuna chai ya maziwa na mandazi. Akasikiliza habari yetu yote bila kukatiza, kisha akasema, "Sawa. Nyumba inaweza kuwa mzuri, lakini mimi nataka kuona hiyo makaratasi."

Jamani. Makosa mawili katika sentensi moja.

"Nzuri," nikasema.

"Eh?"

"Nyumba nzuri. Na ni hayo makaratasi."

Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Wakili akanitazama, akatabasamu, akasema, "Sawa, Mwalimu. Nzuri. Sasa hiyo nyumba nzuri, umeona bikoni zake? Zile vijiwe za simiti za mpima ardhi, za kuonyesha ploti inaishia wapi?"

Nilisikia "zile vijiwe za" tu. Swali lenyewe, ambalo sasa najua lilikuwa na thamani kuliko koti langu na mimi niliyekuwa ndani yake, lilipita juu ya kichwa changu. Njiani nikamwambia mke wangu kwamba mtu asiyeweza kupatanisha nomino na kivumishi hawezi kupatanisha muuzaji na mnunuzi. Niliipenda sana sentensi hiyo. Nikairudia tulipofika nyumbani, Mama naye aisikie.

Siku chache baadaye muuzaji akanipigia simu. "Mwalimu, usijisumbue na wakili. Wakili wetu atakupigia mkapange."

Wakili wetu! Nilifurahi mno. Mzee huyu, nikajiambia, ana utu, hataki nihangaike. Na huyo wakili aliponipigia, lo, nikasimama katikati ya barabara. Kiswahili kilitiririka. Aliniambia, "Ningependa, iwapo nafasi itaruhusu, tukutane ili tuyapitie masharti yaliyomo." Yaliyomo! Kesho yake nikawasimulia walimu wenzangu kuhusu wakili wetu. Nilisema "wakili wetu" mara nyingi hadi wakanichoka.

Afisi yake ilikuwa mjini, safi, na yeye mwenyewe alikuwa mtu mpole wa makamo, aliyelelewa Pwani. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, lakini kwa heshima yetu alitusomea kila kifungu kwa Kiswahili, polepole, kama anasoma taarifa ya habari. "Mnunuzi ataipokea nyumba pamoja na mipaka yake kama ilivyo." Nikatikisa kichwa kwa raha. "Mnunuzi hatakuwa na dai lolote litakalotokana na mipaka hiyo." Litakalotokana! Nilikuwa nahesabu viambishi, haki ya Mungu, kama mtu anayeonja pilau. Nilisikiliza ngeli zote. Maana sikusikiliza hata moja. Akanisogezea kalamu, nami nikaishika.

"Samahani, wakili," mke wangu akasema. Alikuwa amesikiliza muda wote, mkoba magotini. "Wewe ni wakili wa nani?"

Niliona aibu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Ni wakili wetu."

Yule bwana akavua miwani. Alionekana kushangaa kweli. "Mama, mimi ni wakili wa muuzaji. Nimekuwa nikisema 'mteja wangu' tangu tulipoketi, na mteja wangu ni yeye. Nilidhani Mwalimu ana wakili wake, na kwamba ameshaipitia rasimu hii."

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu. Niliiweka chini taratibu, kama mtu aliyekutwa na kijiko kwenye sukari. Huyu bwana hakunidanganya hata kidogo. Alikuwa amefanya kazi yake vizuri, ila kazi yenyewe haikuwa yangu.

Tukitoka nilijaribu kujitetea. Nikamweleza mke wangu kwamba kosa ni la lugha, kwamba "wetu" katika Kiswahili halina mpaka, linaweza kumjumuisha msikilizaji au kumwacha nje, na kwamba hata wataalamu...

"Kwa hivyo yule mzee akikupigia akusalimie 'bibi yetu hajambo?' utamwambia hajambo?"

Nikafunga domo. Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta, halafu ghafla akaacha. "Ungetia sahihi," akasema. "Mama yuko kule juu anangoja, na wewe ungetia sahihi kwa sababu ya litakalotokana." Hapo hakuwa anacheka tena, na mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Tukarudi juu ya duka la gesi. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Mwanadada alinywa chai, akaisoma rasimu yote, akaweka kidole kwenye neno la mipaka. "Hii kitu ya 'kama ilivyo' ndiyo inanisumbua. Mwalimu, twende site."

Tukaenda naye siku hiyohiyo. Kulikuwa na matope ya mvua, naye akavaa gambuti, akabeba ramani ya mpima ardhi ndani ya mfuko wa plastiki. Muuzaji alitufungulia geti la mabati akitukaribisha vizuri kabisa. Mimi nilienda moja kwa moja pale nilipoweka kiti cha Mama kichwani mwangu, nikasimama nikipakagua kwa macho. Wakili hakuja huko. Alikuwa amechuchumaa kwenye ngazi ya mlango, anafukua tope kwa kijiti.

"Mwalimu, kuja ucheki."

Kijiwe kile cha simiti kilikuwa kimegusana na pembe ya ngazi. Akakipata kingine pembe ya pili ya nyumba, kwenye mstari uleule.

"Ploti inaishia hapa," akasema. "Hapo wewe umesimama ni barabara. Watu wa barabara wakikuja, hiyo mabati inang'olewa yote."

Nikalimeza "yanang'olewa" langu. Lilishuka kwa shida.

Muuzaji alikuwa ameduwaa kuliko mimi. Nyumba aliinunua na ua wake ukiwa tayari umesimama, akaishi humo miaka yote, hakuna aliyemwuliza. Mzee wa watu alianza kutupa pole, halafu akajipa pole mwenyewe. Wakili akasema mambo yaliyobaki ni mazuri, hati ni halali na ni ya mzee, hakuna deni juu yake. Kama bado tunaitaka, atawaandikia upande wa pili bei ishuke na ua utolewe kabla hatujalipa, tusije tukanunua barabara ya serikali. Kama hatuitaki, pia sawa.

Mimi sikuitaka tena. Niliona nyumba bila uwanja, mlango unatokea njiani, kila mpita njia anachungulia sufuria zetu. Nilimwonea Mama huruma, na ukweli ni kwamba nilijionea huruma mimi zaidi, mimi na kuku wangu. Usiku ule nikaenda kukaa naye kibarazani nimwambie kwamba tutatafuta kwingine, huenda ikachukua muda.

Mama huniita baba, kwa kuwa nina jina la babake. "Baba," akasema, "hiyo nyumba hamna uwanja kabisa?"

"Hakuna, Mama. Ukifungua mlango ni njia."

"Na watu hupita hiyo njia?"

"Ndiyo shida yenyewe. Hupita sana. Njia ya kwenda sokoni ndiyo hiyohiyo."

"Asubuhi pia?"

Nikadhani ameogopa wezi. Nikamwambia nyumba ya namna hiyo ingehitaji mlango wa chuma na dirisha lenye nondo, na yeye angekaa chumba cha nyuma penye utulivu. Aliniangalia, akamgeukia mke wangu aliyekuwa anaanua nguo.

"Mama watoto," akamwambia, "nisaidie na huyu mtu."

Basi mke wangu akanisaidia. Kesho yake alimpigia wakili simu, sikuulizwa. Barua zikaenda mjini na kurudi, zile za bwana wa Pwani zikiwa tamu kusoma, za mwanadada zikiwa fupi. Ua ukang'olewa, bei ikashuka, hati ikahamishwa. Siku ya kutia sahihi nilishika kalamu baada ya mwanadada kuniambia "sasa", na si kabla.

Tulimteremsha Mama Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimemwandalia chumba cha nyuma, kitanda, redio, mto wa mgongo. Hakukiingia. Alitaka kiti mlangoni, miguu yake iwe kwenye ile ngazi. Nikasema kuna vumbi, akasema analijua vumbi. Nikasema boda zinapiga kelele. Mke wangu akanitazama jicho lile, nikaleta kiti.

Niliendelea kupanga vyombo ndani, nikimsikia. "Habari yako, mama?" "Nzuri, mwanangu, unaenda sokoni?" Mwanamke wa jirani mwenye buibui akamsalimu, wakaongea, akaenda, akarudi na chai kwenye chupa. Mtu wa mkokoteni akasimama akapumzika hapo. Msichana mmoja alikuwa analia kuhusu mumewe, sijui walijuana saa ngapi. Nilipotoka jioni kumwambia aingie, baridi imeanza, alikuwa na mtoto wa mtu magotini na hakuonekana kuwa na haraka ya kumrudisha.

Nikachuchumaa kando yake. Mguu wake mmoja ulikuwa kwenye ngazi, mwingine kwenye udongo wa serikali.

"Baba," akaniambia, bila kuondoa macho njiani, "nilidhani nimezeeka. Kumbe nilikuwa juu tu."