Dari Chini ya Chumba cha Mama

Hoteli yangu iko Malaba, katika jengo la mbao alilojenga baba kabla sijazaliwa. Chini kuna jiko na meza sita. Juu kuna chumba kimoja kikubwa, na ngazi yake iko nje, upande wa uani. Mama aliishi huko juu. Kati yetu kulikuwa na mbao tu, kuukuu, zilizoachana hadi nikifagia asubuhi niliona mwanga wa dirisha lake ukipenya.

Baada ya kiharusi mguu wake wa kushoto ulikataa ngazi, lakini hakuacha kuisimamia hoteli.

"Vitunguu vinaungua!" aliita kutoka juu, na kweli vilikuwa vinaungua. Wateja wangu, madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka, walicheka wakamsalimia huku wameinua vichwa. Naye aliwauliza foleni imefika wapi.

Kisha vibanda vya mbao jirani na stendi viliteketea asubuhi moja. Hakuna aliyekufa, ila wiki iliyofuata mkaguzi wa moto alipita akikagua majengo. Alitazama majiko yangu ya mkaa, akatazama juu.

"Nani analala hapo?"

"Mama yangu. Hatembei vizuri."

"Moto ukishika hizi mbao hatafika kwa ngazi. Weka dari ya kuzuia moto, ama umhamishe."

Mama alikataa kuhama. Nikatafuta fundi kutoka Bukhayo, mtu makini, asiyependa kuharakishwa. Alijaza katikati ya boriti pamba nzito isiyoshika moto. Chini yake akafunga bodi za jipsamu za kustahimili moto, tabaka mbili, akihakikisha maungio ya tabaka la pili hayakutani na ya lile la kwanza. Hata tundu la waya wa taa alilijaza gundi maalumu.

"Moshi hautapata pa kupita," aliniambia akiwa bado juu ya ngazi yake. "Lakini nikuambie mapema, mama. Na sauti pia itapungua sana."

"Ni vizuri," nikamjibu. "Atapumzika kutokana na kelele zetu."

Ni mimi niliyesema hivyo.

Alipofunga bodi ya mwisho nilipanda kumwona Mama. Alikuwa amekaa kitandani, nyayo zake sakafuni.

"Mbona mmenyamaza?"

"Hatujanyamaza, Mama. Watu wamejaa huko chini."

Aliitazama sakafu. "Sasa nitajua aje kama mko?"

Nilimnunulia simu ndogo ya vitufe. Aliiacha dirishani, penye soketi, akaisahau hapo. Basi nikaahidi kupanda kila saa, na kwa wiki kadhaa nilipanda. Baadaye ikawa kila nilipopata nafasi.

Siku hiyo mpishi wangu alikuwa ameenda mazishini Chakol. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, na watu walianza kudai chakula kabla ya saa sita. Nilikuwa nimempelekea Mama chai saa mbili. Kila nilipoikumbuka ngazi nilijiambia, nikishasonga huu ugali. Nikishaosha hizi sahani. Saa nane ikapita ndipo nikapanda na sahani yake ya samaki.

Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na kiti, shavu likiwa juu ya mbao. Ngozi ya vifundo vya vidole vyake ilikuwa imechubuka. Chai ilikuwa kikombeni, haijaguswa.

"Mama! Umeanguka saa ngapi?"

Alinitazama, akasema polepole, bila kulalamika, "Nilidhani mmefunga."

Madereva wawili walinisaidia kumteremsha. Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini kifua kikamshika, na siku ya tano akafariki.

Fundi alikuja matangani, akanisogelea, akaanza, "Mama, ile dari…" Nilimkatiza nikamwambia kazi yake ilikuwa safi. Sikusema ili kumfariji. Ilikuwa kweli, na leo juu ya hoteli wanaishi mke na mume na mtoto mchanga, nami nafurahi dari iko.

Lililonishinda ni kaka yangu, anayefundisha mbali na huku. Aliponipigia simu siku ile Mama alipoanguka, akauliza, "Alikaa chini muda mrefu?" nilisema hapana, nilisikia kishindo nikakimbia. Neno hilo lilinitoka kabla sijafikiri.

Siku ya maziko, nyumbani karibu na Amagoro, alisimama mbele ya watu. "Mimi nilikuwa mbali," alisema, sauti ikimkatika. "Lakini najua Mama hakuanguka peke yake. Dada yangu alikuwa hapo." Akina mama wa kanisa wakanigeukia, wengine wakinipungia mikono. Aliyekuwa karibu alinishika bega, akaniambia Mungu atanilipa.

Sijamwambia kaka hadi leo. Akipiga simu Jumapili hunishukuru tena, nami humuuliza habari za watoto.