Kiganja cha Dobi

Kwa miaka thelathini na moja dobi yule alipima joto la pasi kwa kuigusa kwa kiganja, hata ngozi ikawa sugu kama soli. Mkewe alipofariki alimwachia kobe, na sasa kobe huyo alikuwa na siku tisa bila kula. Daktari wa mifugo aliagiza aloweshwe kila asubuhi kwa robo saa katika maji ya vuguvugu, wala yasiachwe yapoe.

Dobi alitia mkono katika beseni, akaona maji yamepoa, akaongeza ya birika. Kobe akaficha kichwa. Akaongeza tena.

Binti yake aliingia, akachovya kiwiko, akaruka. "Baba! Unamwogesha au unapika supu?"

"Mbona mimi naona ya baridi?"

"Mikono yako ilishaungua zamani, Baba."

Dobi alimtoa kobe upesi, akazimua maji, safari hii akipima kwa kiwiko, kisha akamrudisha. Robo saa ilipotimia, kichwa kilikuwa hakijatoka.

"Mama watoto, niwie radhi," alisema kwa sauti ya chini, kiwiko kingali majini.